Saa 11 za Kupumzika

Ndugu zangu wa Mombasa huniuliza kila mara: huko Ulaya mnalipwa pesa ngapi? Nami huwarudishia swali: Ulaya ipi? Mwaka 2025 kima cha chini cha mshahara nchini Bulgaria kilikuwa kama euro 551 kwa mwezi. Luxembourg, mwaka huo huo, kilizidi euro 2,600. Zote mbili zimo ndani ya Umoja wa Ulaya, na Mbulgaria akitaka kwenda kufanya kazi Luxembourg hahitaji viza wala kibali. Denmark, Sweden, Finland, Austria na Italia hazina kabisa kima cha chini kilichowekwa na sheria. Huko mishahara huamuliwa katika mazungumzo ya vyama vya wafanyakazi na waajiri. Anayekuahidi "mshahara wa Ulaya" basi amekuahidi kitu kisichokuwepo.

Kilichopo ni kitu kingine, na wengi wetu tunafika huku bila kuambiwa. Kuna haki kadhaa ambazo hakuna nchi mwanachama inayoruhusiwa kutoa pungufu yake. Likizo ya malipo isiyopungua wiki 4 kwa mwaka. Kazi isiyozidi wastani wa saa 48 kwa wiki, saa za ziada zikiwemo, isipokuwa katika nchi zinazomruhusu mfanyakazi mwenyewe kuridhia zaidi. Saa 11 mfululizo za kupumzika katika kila saa 24, isipokuwa katika kazi kama za hospitali, ambako zinaweza kupunguzwa mradi zifidiwe. Likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14. Maelezo ya msingi ya kazi yako kwa maandishi, ndani ya siku 7 tangu uanze. Nchi ikitaka kutoa zaidi, hakuna anayeizuia. Ikitoa pungufu, Tume ya Ulaya, chombo kinachosimamia sheria za Umoja, inaweza kuishtaki katika Mahakama ya Ulaya iliyoko Luxembourg.

Nayaandika haya kwa sababu vijana wetu wanakuja. Tarehe 13 Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamaji wa wafanyakazi mjini Berlin, Rais Ruto na Kansela Scholz wakiwepo, na tangu hapo simu yangu haitulii. Naulizwa kuhusu viza, mitihani ya lugha, baridi, kodi ya nyumba. Saa za kupumzika hakuna anayeziuliza, na mimi nazihesabu kuwa jambo la kwanza.

Nilikuja Ujerumani kama au pair, yaani binti anayeishi na familia, analea watoto wao huku akijifunza lugha. Baadaye nikasomea uuguzi miaka mitatu, nikaajiriwa katika makao ya wazee ya kampuni binafsi huko Westfalia. Ndipo nilipokutana na mgeuzo wa zamu ambao kila muuguzi wa huku anaujua. Zamu ya jioni inaisha saa tatu unusu usiku. Inaisha kwenye karatasi, maana haukosi bibi mmoja anayehitaji kupelekwa msalani wakati wewe umeshavaa koti. Unafika nyumbani usiku mkubwa. Kesho yake, saa kumi na mbili kamili asubuhi, unatakiwa uwe ndani ya sare unapokea ripoti ya usiku. Kati ya zamu na zamu ni saa 8 na nusu. Toa safari ya kwenda na kurudi, toa kuoga na kula, uone usingizi umebaki kiasi gani. Kisha unaingia kugawa dawa za moyo na kuchoma sindano za insulini, chumba hadi chumba.

Agizo la kwanza la Ulaya kuhusu saa za kazi, yaani sheria ya pamoja ambayo kila nchi lazima iiingize katika sheria zake, lilipitishwa mwaka 1993 kwa kutumia kifungu cha mkataba wa Jumuiya ya Ulaya kinachohusu afya na usalama kazini. Serikali ya Uingereza ilikwenda mahakamani kupinga, ikidai kwamba saa za kazi ni suala la uchumi na ajira, na kwamba zimeingizwa kwenye afya kwa hila. Mwaka 1996 ilishindwa katika sehemu kubwa ya hoja zake. Mimi nilipoisoma hukumu ile nilikuwa nimeshachoma insulini nikiwa nusu macho, na sikuhitaji mwanasheria anieleze kwa nini usingizi wa muuguzi ni suala la afya. Ni afya yangu, na ni uhai wa mzee aliyelala kitandani.

Katika makao yetu kulikuwa na dada mmoja Mjerumani aliyekaribia kustaafu, mjumbe wa baraza la wafanyakazi, chombo ambacho wafanyakazi wa kampuni hujichagulia wenyewe. Alitufuata mmoja mmoja kwenye chumba cha kubadilishia nguo akatuomba jambo dogo: kwa mwezi mzima kila mtu aandike saa aliyoingia na saa aliyotoka kweli. Tusinakili ratiba ya ukutani wala mkataba, tuandike saa halisi. Alitugawia daftari ndogo za shule. Bila saa zilizoandikwa, alisema, sisi tutapiga kelele na wao watatoa karatasi, na mbele ya hakimu karatasi itashinda.

Sheria ya Ujerumani inaruhusu hospitali na makao ya wazee kupunguza mapumziko hadi saa 10, mradi saa iliyopunguzwa ifidiwe ndani ya mwezi kwa kurefusha mapumziko mengine. Saa 8 na nusu haziruhusiwi kwa hesabu yoyote. Tulipozipeleka daftari, uongozi haukukana. Ulijibu kwamba wafanyakazi ni wachache, na kwamba wauguzi wenyewe wanaomba zamu hizo ili wajipatie siku za mapumziko zilizoungana.

Hilo la pili lilikuwa kweli. Wapo walioomba, na sababu zao zilikuwa nzito: mama mwenye watoto wawili anataka Jumamosi na Jumapili zote, mwingine anataka siku za kwenda kumwona baba yake mgonjwa nchini Poland. Na wapo waliokubali bila kuomba, kama mimi na wenzangu wa kutoka nje, kwa sababu kibali cha kuishi kilikuwa kimefungwa kwenye kazi ile ile. Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya kiwango cha chini. Kinamwondolea mnyonge uwezo wa kukubali pungufu. Mtu ambaye viza yake inategemea mwajiri atakubali karibu kila kitu, atatia saini, hata atashukuru. Sheria inapotamka kwamba makubaliano hayo hayana nguvu hata ukiyasaini, inamkinga dhidi ya hofu yake, na inamkinga pia mwenzake ambaye angelazimika kufuata mkumbo.

Baraza la wafanyakazi lina sauti ya kisheria katika upangaji wa zamu. Ratiba haipiti bila ridhaa yake, na wakishindwa kuelewana shauri linakwenda kwenye kamati ya usuluhishi. Ilichukua miezi. Mgeuzo ule ulifutwa, na baadhi ya wikendi ndefu zikapotea pamoja nao. Wenzetu wawili waliacha kutusalimia kwa muda, nami siwalaumu, maana walipoteza kitu cha kweli. Dada yule alipostaafu nikagombea nafasi yake. Kura ya baraza haiangalii uraia, jambo ambalo Waafrika wengi wa hapa hawalijui.

Suala la kuandika saa nalo limepita mahakamani. Tarehe 14 Mei 2019, katika kesi ya chama cha wafanyakazi cha Hispania dhidi ya benki moja, Mahakama ya Ulaya ilisema kwamba nchi lazima ziwalazimishe waajiri kuwa na mfumo wa kuaminika wa kupima saa za kazi za kila siku. Hoja yake ilikuwa ile ile ya daftari zetu: kama saa hazipimwi, hakuna anayeweza kujua iwapo saa 48 zimezidi au saa 11 zimeliwa. Septemba 2022 Mahakama Kuu ya Kazi ya Ujerumani iliyoko Erfurt ikasema wajibu huo unawabana waajiri wa hapa pia.

Tangu hapo nimekuwa nikifuatilia haki hizi zilitoka wapi, na kila nikichimba namkuta mtu mmoja aliyekataa. Usawa wa malipo kati ya wanaume na wanawake uliandikwa katika Mkataba wa Roma mwaka 1957, kifungu cha 119. Haukuandikwa kwa huruma. Ufaransa ilikuwa na sheria hiyo tayari, ikaogopa kwamba viwanda vya majirani vinavyowalipa wanawake kidogo vitauza bei ya chini na kuvifilisi vyake. Kikaandikwa, kikakaa karibu miaka ishirini bila kuwasaidia wanawake wengi. Kisha akatokea Gabrielle Defrenne, Mbelgiji, mhudumu wa ndege wa shirika la Sabena. Alilipwa pungufu ya wanaume waliofanya kazi ile ile, na mkataba wake wa kazi ulimtaka aondoke akifika miaka 40, sharti ambalo wanaume hawakuwekewa. Wakili wake, Éliane Vogel-Polsky, alikuwa akitafuta kwa miaka mwanamke aliye tayari kusimama kizimbani na kifungu kile. Tarehe 8 Aprili 1976 Mahakama ya Ulaya ikaamua kwamba mfanyakazi anaweza kukitumia moja kwa moja dhidi ya mwajiri wake, bila kungoja bunge la nchi yake. Ikaongeza, kwa kuogopa gharama, kwamba wengine wasidai malipo ya nyuma ya siku hiyo isipokuwa waliokwisha kufungua kesi. Sehemu hiyo bado inanichoma. Wanawake waliokaa kimya kwa sababu ya njaa waliambiwa wamechelewa.

Daktari Norbert Jaeger wa hospitali ya Kiel alikuwa akilala hospitalini usiku wa zamu ya kungojea kuitwa, kitanda chake kikiwa palepale. Mwaka 2003 Mahakama ya Ulaya ikasema usiku huo wote ni saa za kazi, hata zile alizofumba macho, kwa sababu hakuwa huru kwenda nyumbani. Hukumu hiyo ilivuruga ratiba za hospitali kote Ulaya. Ilikuja kuwagusa watu ambao Jaeger pengine hakuwawazia.

Mwenzangu wa zamu ya usiku ni Mbulgaria. Kabla ya kuajiriwa nasi aliishi katika nyumba ya mzee mmoja, akimwogesha, akimpikia, akiamka naye usiku. Mkataba wake, uliosainiwa na wakala wa Bulgaria, ulisema saa 30 kwa wiki. Hizo saa 30 ziliisha kila Jumanne usiku, anasema, na wiki ikaendelea. Wanawake wa namna yake, wengi wao kutoka Poland, Bulgaria na Romania, wamejaa katika nyumba za watu nchini humu, na familia nyingi za kawaida zisingejua pa kuwapeleka wazazi wao bila wao. Tarehe 24 Juni 2021 mahakama ya Erfurt iliamua kesi ya Mbulgaria mwingine aliyemlea bibi wa zaidi ya miaka 90 mjini Berlin, naye pia kwa mkataba wa saa 30. Ikasema kima cha chini cha Ujerumani kinamhusu hata kama ametumwa na kampuni ya kwao, na saa za kukaa tayari usiku zilipwe pia. Mwenzangu alinisomea habari ile kwenye simu yake wakati wa chai ya usiku, akaisoma tena, akanyamaza, kisha akaniambia yeye hana hata karatasi moja ya kuonyesha aliamka mara ngapi. Naapa sikuwa na la kumjibu.

Jambo jingine la karibu nasi lilitokea Juni 2020. Katika kiwanda kikubwa cha nyama cha Rheda-Wiedenbrück, wilaya ya Gütersloh, wafanyakazi zaidi ya 1,500 walikutwa na korona. Wilaya nzima ikafungwa tena, watoto wakakosa shule, wazee wetu wakakosa wageni. Magazeti yakaanza kuandika kuhusu Waromania na Wabulgaria waliolala wengi chumba kimoja, walioajiriwa na makandarasi wadogo waliopewa kazi na kiwanda. Watu wa huku walikuwa wakiyaona mabasi madogo ya alfajiri kwa miaka. Tangu Januari 2021 sheria inavitaka viwanda vya nyama kuwaajiri wenyewe wanaochinja na kukata, na saa zao zirekodiwe kwa mashine. Sheria nzuri. Nasikitika tu kwamba ilingoja ugonjwa uwafikie majirani.

Kuhusu mishahara yenyewe Ulaya imesitasita zaidi. Mkataba wa Umoja unasema wazi kwamba malipo ni suala la kila nchi. Agizo la mwaka 2022 halikuweka kiasi kimoja kwa wote. Linazitaka nchi zenye kima cha chini zikipime kama kinatosha, kwa mfano kwa kukilinganisha na asilimia 60 ya mshahara wa mtu wa katikati nchini humo, na nchi ambazo makubaliano ya vyama yanafunika chini ya asilimia 80 ya wafanyakazi ziandae mpango wa kuongeza. Denmark ililipeleka mahakamani Januari 2023, Sweden ikiiunga mkono. Hukumu ilitoka tarehe 11 Novemba 2025: agizo likabaki, vipengele viwili vikafutwa.

Binamu yangu anafanya usafi wa maofisi Malmö, na tumebishana sana juu ya hili. Yeye yuko upande wa Denmark. Kwao chama ndicho kinachopigania mshahara, na mshahara wake unazidi wa wasafishaji wengi wa Ujerumani. Ukiuhamishia kwenye sheria, anasema, mwajiri atakimbilia kiwango cha chini cha sheria na watu wataacha kulipia ada ya chama. Na wana kumbukumbu mbaya. Mwaka 2004 vyama vya Sweden vilizuia ujenzi wa shule mjini Vaxholm kwa sababu kampuni ya Latvia, Laval, ilikataa kuwalipa Walatvia wake kwa makubaliano ya Sweden. Desemba 2007 Mahakama ya Ulaya ikasema kizuizi kile kilivunja uhuru wa kampuni kutoa huduma. Wasweden hawajasahau. Ilibidi ipite zaidi ya miaka kumi hadi agizo jipya la 2018 liseme kwamba anayetumwa kufanya kazi nchi nyingine alipwe kama wenyeji wa pale, si kima cha chini tu.

Namwelewa binamu yangu, lakini siko naye. Sweden ina vyama vyenye nguvu. Hapa Ujerumani makubaliano ya vyama yanawafunika karibu nusu tu ya wafanyakazi, na waliobaki nje ndio wasafishaji, wapagazi wa maghala, wageni. Kabla ya Januari 2015 hapakuwa na kima cha chini cha jumla. Kilianza na euro 8.50 kwa saa; tangu Januari 2026 ni 13.90. Katika utunzaji wa wazee kuna kima cha peke yake, ambacho Julai 2025 kilifika 16.10 kwa msaidizi na 20.50 kwa muuguzi aliyefuzu. Tarakimu hizo nataka kila kijana azihifadhi kichwani kabla ya kupanda ndege, maana wapo wanaopewa mikataba yenye tarakimu nyingine.

Nisije nikaeleweka kwamba Ulaya ndiyo mwalimu na sisi ndio wanafunzi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa baba wiki 2 za likizo mtoto anapozaliwa. Ulaya ilikuja kuandika siku 10 za kazi kwa baba mwaka 2019, na nchi zikapewa hadi 2022 kuzitekeleza. Kwenye karatasi tulitangulia. Nani anakagua kama baba wa Mikindani au wa Likoni anazipata kweli, hilo ni jambo la nyumbani na lina wenyewe.

Yako pia maeneo ambayo viwango vya Ulaya havijafika. Hapa Ujerumani au pair hahesabiwi mfanyakazi, kwa hiyo kima cha chini hakimhusu: anapewa euro 280 za matumizi kwa mwezi na chumba na chakula, na kazi isizidi saa 30 kwa wiki. Familia ikiwa njema, ni njia nzuri ya kuanza maisha. Ikiwa si njema, yuko ndani ya nyumba ya watu, na atakayehesabu saa zake ni yeye peke yake.

Na kuna hili la mikataba ya kuletwa. Hivi karibuni binti mmoja wa pwani alinitumia picha za mkataba wake. "Shikamoo anti, naomba uniangalizie kabla sijasaini." Mshahara ulikuwa sawa, likizo sawa, saa sawa. Kwenye ukurasa wa nyuma kukawa na sharti kwamba akiacha kazi kabla ya miaka kadhaa atarudisha gharama za kozi ya lugha na za wakala, kiasi ambacho kwao ni bei ya kiwanja. Agizo la mwaka 2019 linasema mafunzo ambayo mwajiri analazimika kisheria kuyatoa yawe bure na yahesabiwe kuwa saa za kazi. Kozi ya lugha aliyosoma Nairobi kabla ya ajira kuanza haimo wazi humo, na mawakala wanalijua hilo. Ujerumani ina alama rasmi ya uajiri wa haki wa wauguzi kutoka nje, ambayo mwenye nayo lazima abebe gharama zote yeye, lakini ni ya hiari: anayetaka anaiomba, asiyetaka anaendelea.

Nilimwambia: "Mwanangu, usisaini bado," nikamwelekeza kwa washauri wa mpango wa Faire Integration, ambao hutoa ushauri wa sheria za kazi bure kwa watu wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya. Walimwandikia barua, mwajiri akakubali kuliondoa sharti la kozi na kubakisha la wakala. Wenzake waliosaini wiki moja kabla yake wamebaki na yote mawili. Nataka sharti la namna hiyo lipigwe marufuku katika nchi zote kwa pamoja, kwa sababu likipigwa marufuku Ujerumani peke yake mawakala watahamia nchi ya pili na fomu zile zile. Nimeshakiandikia chama changu cha wafanyakazi kuhusu hilo, na nitakiandikia tena. Kwa sasa, mtu akinitumia mkataba, nafungua kwanza ukurasa wa nyuma, ndipo nautazama mshahara.